Ratiba ya Kupumzika Ugenini

Jumatatu, 4 Agosti

Siku njema kama nini! Mke wangu amepata likizo ya kuanzia katikati ya mwezi. Si zile siku mbili za kufua mashuka na kulala kwenye kochi. Likizo nzima, ya kwanza tangu tuhamie nyumba hii. Ni mkunga wa wodi ya wazazi, amepokea nusu ya watoto wa mtaa huu, na wengi wao baadaye wamekuwa wanafunzi wangu wa jiografia wasiojua kaskazini ni wapi. Simlaumu. Kazi yake ilikuwa kuwafikisha salama. Mengine ni juu yangu.

Mezani nikamwambia tunakwenda nje ya nchi, mimi na yeye. Nilimwahidi siku ya harusi. Akacheka, akasema alidhani nimesahau. Nimesahau wapi! Nilikuwa natafuta nafasi kwenye ratiba.

Akatoa sharti moja. Anataka kulala mpaka aamke mwenyewe. Asiamshwe na simu, wala kengele, wala mtoto wa mtu anayetaka kuzaliwa. Akasema akiona ninamkimbiza, atakwenda zake kwa dada yake mkubwa, ambako kuna kitanda kizuri na hakuna maswali, na mimi nitasafiri na sanduku langu. Alisema akitabasamu, lakini namjua. Huyu akimwambia mtu sukuma, mtu anasukuma.

Nimeahidi kwa moyo wote. Mwaka ule nilipolazwa, ni yeye aliyekuwa akinilisha uji kwa kijiko kila akitoka zamu, na hajanikumbusha hata siku moja. Safari hii ni asante yangu. Mji mmoja, labda miwili. Hoteli yenye dirisha kubwa. Basi.

Jioni nimekutana na mwalimu wa hesabu dukani. Ofisini tunamwita Nimefika, kwa sababu taja mahali popote duniani, atakwambia nimefika. Amesema yeye na mkewe walizunguka miji mitatu kwa safari moja. Mitatu! Mtu wa hesabu tu! Sikulala vizuri.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejiunga na kundi la kwenye simu linaloitwa Wasafiri Bila Haraka. Kuuliza si ujinga. Nikaeleza kwa adabu: mke amechoka, tunataka utulivu, mji mmoja au miwili, naombeni ushauri wenu.

Maji ya chai hayajachemka, majibu yanamiminika! Nahodha Mstaafu akasema nisikose mji wa madaraja. Mama Begi Moja akasema kama ni utulivu, basi mji wa bustani. Daktari wa Meno akausifia mji wenye mnara wa saa, akatuma picha kumi na zote yumo yeye. Mjane Mcheshi akasema huko kote ni kelele, niende milimani. Watu ambao hawanijui kwa sura wala kwa jina! Machozi yalinilenga.

Sasa, mimi nimelelewa. Mtu akikupa kitu hukitupi mbele ya macho yake. Asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hatashukuru. Kwa hiyo nimemshukuru nahodha kwa kuingiza mji wake. Nikimwingiza nahodha, nitamwachaje mama wa watu? Na daktari je? Na mjane, tena mjane! Pamoja na ule mji mmoja niliouwazia mwenyewe tangu mwanzo, sasa ni mitano.

Mama Begi Moja anashauri begi moja tu. Nahodha anashauri mawili, kwani dunia haitabiriki. Nimewakubalia wote. Tutabeba begi moja ndani ya jingine.

Mke ameuliza nacheka nini na simu. Nimesema ni mambo ya shule. Ameniangalia kidogo, akaenda zamu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshinda ofisi ya walimu peke yangu na rula. Hapa ndipo mwanamume anapojulikana. Ni mimi ninayepanga ratiba ya shule nzima, walimu lukuki na maabara moja, na hakuna waliowahi kugongana mlangoni isipokuwa mwalimu wa michezo na mwalimu wa muziki, na ule ulikuwa ugomvi wao wa zamani.

Safari nimeipanga hivyo hivyo, kwa vipindi. Penseli nyekundu ni kusafiri, buluu ni kutazama, kijani ni kupumzika. Kijani kimejaa! Kila asubuhi, kipindi cha kwanza: Kulala mpaka kuamka mwenyewe. Kengele inalia mwisho wa kipindi, kama kawaida. Mjane Mcheshi alinisihi niache siku moja tupu kabisa. Ushauri wa dhahabu. Nimeiweka Jumatano ya pili, nikaiita Siku Tupu, nikaigawa: kutofanya kitu bustanini, kutofanya kitu mkahawani, kisha marudio.

Muuza viatu naye, nilipokuwa nikijaribu raba za safari, akasema kuna mji wa ufukweni ambao binamu yake aliupenda sana. Alinifunga kamba za viatu kwa mikono yake mwenyewe. Utamkatalia mtu kama huyo? Miji sita.

Nimefika akapita ofisini kuchukua mwavuli wake. Akaisoma ratiba ukutani kuanzia juu hadi chini. Akauliza kwa sauti ya chini, miji sita, na ni mapumziko? Kisha akanivuta pembeni. Akasema ukweli wa Mungu ni kwamba katika ile miji yake mitatu anachokumbuka ni stesheni tu, na mkewe hakusema naye mpaka muhula wa pili. Akanisihi, bwana we, nenda taratibu, pumzi ya mke hainunuliwi.

Wivu mtupu! Lakini nimemshukuru, na nimeongeza stesheni kwenye vivutio.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya. 

Nahodha alishauri tufanye jaribio kabla ya safari. Nikaamka mapema, nikaingiza begi ndani ya begi, nikajaza matofali badala ya nguo ili uzito uwe wa kweli, nikaanza kulikokota kutoka mlangoni hadi getini na kurudi, mbio za kubadilisha treni. Raundi ya tatu gurudumu likang'oka. Nikaketi juu ya begi, nje ya geti, jasho likinitiririka usoni.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akaja na kiti. Akaniambia nisilie, yatapita. Muuza magazeti akaleta maji. Mama mmoja ambaye simfahamu akanishika bega, akasema ndoa ni kuvumiliana. Nilitaka kueleza, lakini walikuwa wema mno, na kumkatiza mtu anayekufariji ni utovu wa shukrani. Nikanywa maji.

Ndipo mke wangu akatokea kona, ametoka zamu, viatu mkononi kwa uchovu. Fundi akamkimbilia: mama, mpokee tu mumeo, hata kama amekosa, nasi waume zetu wana makosa! Mke akanitazama mimi, akatazama begi, akatazama tofali lililochungulia kwenye zipu. Akawashukuru majirani. Akaniingiza ndani.

Nikaona huu ndio wakati. Nikamkabidhi ratiba, kama zawadi.

Aliisoma yote amesimama, bado na sare yake. Akaweka kidole mahali. Akauliza, Alhamisi ya kwanza, kipindi cha tatu, imeandikwa mke kufurahi. Na nisipofurahi? Nikamweleza kwamba hilo nimeshaliona, ndiyo maana ni vipindi viwili mfululizo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikunja ratiba, akaoga, akaweka magauni mawili kwenye mfuko, akasema anakwenda kwa dada, na nisimpigie simu kwa sababu atakuwa amelala.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumba imekuwa kubwa. Nimekunywa chai bila sukari kwa kuwa sijui anaiweka wapi. Nimekaa upande wake wa kochi.

Sijali tena miji. Kama hatakwenda, mimi niende wapi? Nikatazame madaraja na nani?

Nimewaandikia Wasafiri Bila Haraka nikawaeleza yote. Kumbe wanajua kushauri hata mambo ya nyumbani! Daktari wa Meno: tuma maua. Mama Begi Moja: usitume kitu, nenda mwenyewe. Nahodha: usiende, bahari ichafukapo ngoja itulie. Mjane Mcheshi hakucheka leo. Aliandika kwamba yeye na marehemu mumewe waliona nchi nyingi, na anachokitamani sasa ni asubuhi moja tu ya kumsikia akikoroma. Akasema nenda, kaka yangu, na ukifika nyamaza.

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Namshukuru mama yule kuliko ninavyoweza kuandika.

Nimepanga ratiba ya kuomba msamaha. Kesho, mara moja.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilifika kwa shemeji asubuhi na maua, hotuba mfukoni, shati limepigwa pasi upande wa mbele. Shemeji akafungua mlango kidogo tu. Akasema mdogo wake amelala, na atakayemwamsha atakutana na yeye. Shemeji ni mtu wa kimo. Akanionyesha kiti cha plastiki barazani. Kaa hapo, shemeji, na usigonge kitu.

Nikakaa. Simu ikazima. Hotuba nikairudia kimoyomoyo mpaka ikaanza kunichosha mwenyewe. Nikawatazama sisimizi wakivuta chembe ya mkate kuelekea kwenye ufa. Waliiangusha, wakaanza upya. Hakuna aliyewapangia. Jua likahamia miguuni kwangu. Shemeji akaniletea chai yenye sukari. Nikasikia, kupitia dirishani, mke wangu akikoroma. Miaka yote hii sikujua anakoroma. Akilala mimi niko shule. Nikilala mimi yeye yuko wodini.

Nililia kidogo. Ni jua lile.

Alasiri akatoka, amejifunga khanga, alama za mto shavuni, uso umeng'aa kama wa msichana. Akauliza nimekuja saa ngapi. Asubuhi. Nikifanya nini? Nikasema sikufanya kitu, nilikungoja. Akasema: na hukugonga? Nikasema sikugonga.

Akaketi sakafuni karibu na kiti changu. Akaniambia kazini kila dakika yake ina mwenyewe. Mama anaita, daktari anaita, mtoto analia. Akirudi nyumbani, sufuria zinaita. Hajapata saa moja ambayo si ya mtu. Hakutaka kuona mji wowote, alitaka saa zake. Akasema hiki nilichofanya leo barazani ndicho anachokiita safari.

Hotuba yote ilinipotea. Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante badala ya samahani, lakini alielewa.

Kisha akaomba kalamu. Akaifungua ile ratiba, kumbe alikuja nayo! Akafuta mji mmoja baada ya mwingine, kwa mkono mzito wa mtu anayejaza fomu za hospitali. Akabakiza miwili, mji wa bustani na ule wa milimani, na kati yao treni moja ya mchana. Vipindi vyote akavipiga mstari. Nikamwomba anibakizie hata kimoja. Akakataa.

Kutakuwa na huzuni kundini, lakini watanielewa.

Ijumaa, 22 Agosti

Milimani! Siku ya tano ya safari. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, nawashukuru Wasafiri Bila Haraka wote mmoja mmoja. Katika mji wa bustani tulikaa kwenye benchi. Siku ya pili tukakaa kwenye benchi jingine. Mke wangu alikula polepole, akacheka na muuza maua bila kuelewana lugha hata neno moja. Mimi sikupanga lolote. Nimejifunza. Mapumziko hayapangwi, na mtu hawezi kumshukuru kila mshauri kwa miguu ya mke wake. Ningekuwa na nafasi ningelifundisha hili darasani.

Leo asubuhi alikuwa amelala fofofo. Nikashuka kwa kunyata ili nisimwamshe. Dada wa mapokezi, mtu mwema ajabu, akaniambia kuna kamji ng'ambo ya mlima kenye ziwa, treni haichukui muda. Akanichorea na ramani! Kwa mkono! Nikapiga hesabu: mke hana saa ya kuamka, kwa hiyo hakuna saa ninayoweza kuchelewa. Nikaenda.

Ziwa ni zuri. Treni ya kurudi, hata hivyo, imeondoka nikiwa nawashukuru waliokuwa wamenielekeza stesheni. Nyingine ni kesho. Nimekaa hapa kwenye ukumbi wa abiria wa stesheni. Nimemwandikia mke ukweli wote, nikangoja radi.

Jibu limefika sasa hivi. Anasema ameamka mwenyewe, hajui hata saa ngapi, akafungua dirisha, akarudi kulala, akaamka tena. Anasema haijapata kutokea siku tamu kama hii maishani mwake. Ananishukuru sana. Nisiharakishe kurudi.

Jamani! Nimesoma huku machozi yananitoka. Kumbe wakati wote huu kilichokuwa kinamsumbua si wingi wa miji!

Mzee aliyekaa karibu nami hapa ukumbini amenipa kipande cha mkate wake, na kwa wema wake amenitajia mji mwingine mbele kidogo, wenye kanisa la mawe. Nimemshukuru sana. Nimeshakata tiketi.