Gari la Kujaribu Tu

Jumatatu, 7 Julai 2025. Biharamulo.

Nimechelewa tena. Dakika nne! Mama Kwandu, meneja wa ghala letu la mazao pale Lusahunga, alikuwa ameshachora mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Saa moja na nusu kamili anachora, hata mvua ya mawe inyeshe. Jina langu likakaa chini ya mstari, peke yake. Barua ya pili ya onyo nikaipata kabla ya chai. Ya tatu, nahamishiwa ghala la Kaniha, kulala hukohuko. Deodata, mke wangu, hahami. Ana cherehani tatu na wateja wake hapa mjini. Kasema nikihamishwa niende na sufuria moja, zilizobaki anazihitaji.

Kosa si langu. Gari la abiria haliondoki mpaka lijae, na leo lilijaa mtu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na ndugu wa kuagana naye.

Jioni tukakaa kikao. Uamuzi: tunanunua gari. Mtumba wa mtumba, lakini letu. Milioni tisa zipo, akiba ya miaka sita, zaidi ya nusu ni jasho la cherehani. Ziko sandukuni chini ya vitambaa na ufunguo anao Deodata. Yeye alitaka gari dogo aina ya saluni, lisilokunywa mafuta. Nikamweleza kwa upole kwamba mwanamume mwenye mizinga kumi na minne ya nyuki na fimbo mbili za kuvulia samaki hawezi kuishi na saluni. Stesheni! Viti vya nyuma vinalala, mzinga unaingia mzimamzima. Jumatatu mpaka Ijumaa kazini, Jumamosi porini. Kakubali, kwa sharti kwamba niende na kaka yake Frednand, ambaye ni fundi magari. Sitaki. Frednand ni mtu wa kusema ukweli mbele ya muuzaji.

Elick, karani mwenzangu, anakaa mtaa wa pili na ana saluni yenye rangi ya fedha. Kasema nipande naye kila asubuhi, bure. Bure! Halafu njia nzima nimtazame anavyobadilisha gia. Nimemshukuru, nikakataa.

Jumanne, 8 Julai.

Nimewahi kwa dakika moja, baada ya kukaa kituoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Maisha gani haya?

Nimepeleleza. Stesheni zinazouzwa ni tatu. Ya kijani ni ya William, mwenye duka la vipuri pale njia panda ya Lusahunga, wanapopumzika madereva wa malori. Milioni tano na nusu. Ya kijivu ni ya Mzee Ndassa, bwana shamba mstaafu, hapahapa mjini. Milioni saba. Nyeupe ni ya Mama Speciose, Benaco. Milioni nane na nusu.

Baada ya kazi nikamwendea William. Nikapiga matairi teke, nikaguna. Nikafungua boneti, nikaguna tena. Akauliza kama nataka kulijaribu. Nikasema mtu makini hulisikiliza gari likipanda mlima, kisha hulisikiliza asubuhi likiwa bado baridi. Akasema basi niondoke nalo, nilirudishe kesho. Wazo likaniingia lote kwa mpigo.

Jioni, nyumbani kwa gari. Asubuhi, kazini kwa gari. Narudisha. Halafu naomba la mwingine! Haraka ya kununua ni ya nini, na kujaribu ni bure? Nimetia mafuta ya elfu kumi na kujiona mjanja wa wilaya nzima.

Jumatano, 9 Julai.

Kazini saa moja na dakika tano! Mama Kwandu aliitazama saa yake, akaitikisa. Nikaegesha ubavuni mwa saluni ya Elick, karibu kidogo kuliko inavyoruhusu adabu. Akauliza kama nimenunua. Nikasema bado nalifikiria, kwa sauti ya mtu mwenye mengi ya kuchagua.

Kasoro ni moja tu. Gari lile lilikuwa mchomoko kwa miaka mingi, likipakia abiria barabara hiihii, na watu wanalijua. Nilipopunguza mwendo kwenye tuta, mama mmoja alifungua mlango, akaingiza mikungu miwili ya ndizi na jogoo, akaketi. Nikamwambia hili ni gari binafsi. Akasema hakuna shida, yeye anashuka sokoni. Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, kwa hiyo ilibidi nishuke kumfungulia. Akanipa nauli. Nikaipokea, nisije nikamvunjia heshima.

Ijumaa, 11 Julai.

Zamu ya Mzee Ndassa. Jana jioni nilikwenda kwake: shikamoo, marahaba, soda, kisha historia yote ya pamba ya Shinyanga alikotoka. Gari lake safi ajabu, viti bado vimevikwa nailoni. Akakubali nilijaribu. Ila gari hilo haliendi popote bila yeye. Leo alfajiri nikamkuta tayari kwenye usukani, kofia kichwani. Kujaribu kwangu kukawa ni kukaa kiti cha kushoto na kusikiliza.

Mwendo wa thelathini! Gia ya nne, kwa maoni yake, ni ya watu wasio na watoto. Mlimani tulipitwa na baiskeli iliyobeba mkaa, na mwenye baiskeli alikuwa anaisukuma. Kila nilipotaja saa, Mzee alipunguza mwendo ili anijibu vizuri. Pale ghalani niliruka kabla hajasimama sawasawa. Nikakimbia. Kalamu nyekundu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikasaini, karibu nisaini juu ya mkono wa Mama Kwandu.

"Emilian," alisema, "ghala la Kaniha lina dirisha zuri sana."

Mchana sikuweza kula.

Jumamosi, 12 Julai.

Nimepanda basi mpaka Benaco. Mama Speciose anauza vitenge karibu na stendi, na stesheni nyeupe imeegeshwa nyuma ya duka. Ee Mungu wangu! Iliwaka mara moja, ikanguruma taratibu, haina moshi. Nikalaza viti, nikajinyoosha nyuma kujipima. Natosha mimi, na mzinga ubavuni. Nimeipenda mpaka nikaona aibu.

Basi nikanuna. Ndiyo siri ya biashara. Nikasema rangi nyeupe inaonyesha vumbi. Akasema vumbi hufutwa. Nikasema milioni nane. Akasema nane na nusu, maana haijawahi kupakia abiria wala kugonga mbuzi. Nikaomba niondoke nayo mpaka Jumatatu, kuijaribu. Alicheka kwa muda mrefu. Kwake yeye, akasema, mtu hujaribu gari kwa kuzunguka uwanja wa mpira, naye mwenye gari amekaa kiti cha nyuma. Tukazunguka. Alikaa kiti cha nyuma kweli.

Nikampigia Deodata. Kasema nunua, nitakuletea hela na basi la mchana. Nikamweleza mkakati: naondoka, nanyamaza, baada ya wiki mama atapiga mwenyewe na kushusha bei. Hiyo laki tano ni mizinga mipya. Akauliza nitafikaje kazini wiki hiyo yote. Nikamwambia mambo ya magari aniachie mimi. Simu ikakatika. Mtandao haukuwa mzuri.

Nikiwa narudi nimeshuka Lusahunga na kulichukua tena gari la William. Jaribio la mwisho, nimemwambia, la mzigo. Kalitaka kesho saa kumi na mbili jioni bila kukosa.

Jumapili, 13 Julai.

Naandika kwa jicho moja.

Deodata hakuja nami kanisani. Alisema ana safari na Frednand. Sikuuliza, nilikuwa na shughuli zangu. Niliendesha mpaka shambani kuhamisha mzinga mmoja wenye nyuki, niulete karibu na nyumbani. Mzinga huhamishwa usiku, nyuki wote wakiwa ndani wametulia. Kila mfugaji anajua hilo, hata mimi. Lakini gari lilitakiwa saa kumi na mbili, ningefanyaje? Nikauziba mlango wa mzinga kwa soksi. Soksi nzuri, ya kazini.

Tuta la kwanza, salama. La pili, salama. La tatu, pale njia panda ya Lusahunga, katikati ya malori, nikasikia mvumo nyuma. Nikadhani ni injini. Nikafurahi! Nikaanza kupiga hesabu ya punguzo nitakalomdai William. Halafu wa kwanza akanichoma sikioni.

Nilitoka nje gari likiwa bado linatembea kidogo. Madereva wa malori, watu waliokwisha kupita nchi nne, walijifungia ndani na kupandisha vioo. Mama wa chapati aliacha chapati. Njia panda nzima ikabaki yangu, nami nazunguka na shati kichwani. William alitazama yote kupitia dirisha la duka. Mwishowe akaniingiza ndani, akanifungia mlango, akaniuliza kwa upole kabisa kama gari limepanda mlima vizuri.

Akaitwa mzee mmoja mfugaji, akaja na moshi wake bila haraka. Jua lilipozama alikuwa amewakusanya nyuki wote waliobaki. Mzinga kaondoka nao, ndio ujira wake. William kachukua ufunguo wake. Ameshawapigia simu wauza magari wote anaowajua: Emilian asipewe kujaribu hata toroli.

Lori la mahindi limenileta nyumbani. Deodata hajarudi, kaacha ugali umefunikwa. Uso wangu hauenei kwenye kioo cha kunyolea. Nimemeza vidonge vya uvimbe. Kesho naamka saa kumi, niwe wa kwanza kituoni.

Jumatatu, 14 Julai.

Vidonge vile vinalaza! Nimeamka saa kumi na mbili na nusu. Deodata hayuko kitandani. Elick alishaondoka. Nikachungulia kituoni: gari la abiria lina watu wawili, na mmoja ni dereva.

Nikarudi, nikaketi kitandani. Nikaanza kufikiria niende Kaniha na sufuria ipi. Hapo uchungu ukanishika kwelikweli. Miaka kumi na tisa nimelala na kuamka nyumba hii, nimezoea hata kelele za cherehani, na yote nimeyachezea kwa ajili ya laki tano. Nililia kidogo, kwa lile jicho linalofunguka.

Honi uani. Nikatoka. Stesheni nyeupe! Na kwenye usukani, Deodata. Jana alichukua zile hela, akapanda basi na Frednand mpaka Benaco. Frednand akakagua, Deodata akalipa nane na nusu bila kununa hata kidogo, wakalala hukohuko, na alfajiri akaendesha mwenyewe kurudi. Leseni anayo tangu kabla hatujaoana. Sikuwahi kumwuliza. Hakuuliza lolote kuhusu uso wangu. Alisema nipande.

Sijawahi kuendeshwa namna ile. Nilishika mkanda kwa mikono miwili.

Saa moja na dakika ishirini na mbili tuko getini. Mlinzi ni mpya, ameanza leo. Akatazama kitambulisho, akanitazama, akasema aliye kwenye picha si mimi. Nikasema ni mimi. Akasema wote husema hivyo. Nikaeleza habari za nyuki, akazidi kunishuku. Dakika zinakwenda, na dirishani namwona Mama Kwandu anatafuta rula. Deodata akashuka garini.

"Huyu ni mume wangu," alimwambia. "Uso utarudi. Kazi haitarudi."

Mlinzi akafungua. Nikasaini saa moja na dakika ishirini na tisa. Mama Kwandu aliitazama saini, akautazama uso, kisha akachora mstari wake chini ya jina langu, taratibu. Akasema leo nikae stoo ya magunia, nisiwatishe wakulima.

Jioni nilimwambia Deodata asante. Nilitaka kusema zaidi lakini mdomo ulikuwa bado umevimba. Kasema ufunguo anakaa nao yeye. Nimekubali.

Jumapili, 27 Julai.

Wiki mbili, sijachelewa hata siku moja! Deodata ananishusha ghalani saa moja na robo, halafu anaenda kuwapima wateja wapya sare pale njia panda. Wamekuwa wengi mpaka anataka cherehani ya nne. Sijamwona na furaha namna hii kwa miaka. Mama Kwandu naye kaniita ofisini. Nikiwahi mpaka mwisho wa mwezi, barua zote mbili anazichana mbele yangu. Zimebaki siku nne.

Nimetafakari sana. Kwanza, mkakati wangu wa Benaco ulifaulu. Mama Speciose aliogopa ukimya wangu, ndiyo maana hakupandisha bei. Deodata haoni hivyo, lakini biashara si fani yake.

Pili, Elick ameitamani stesheni yetu. Anatoa milioni tisa na nusu! Faida ya milioni nzima bila kutoa jasho. Na huko Ngara nimesikia kuna stesheni ndefu zaidi, inameza mizinga mitatu, na muuzaji ni mgeni, hajuani na William. Deodata sijamwambia. Nataka furaha imjie kwa ghafla. Ufunguo wa akiba nimeuona, uko kwenye kopo la vifungo.

Elick alitaka aendeshe kidogo tu kabla ya kulipa. Nikamwambia hapana, sisi si watu wa Benaco wa kuzungushana uwanjani. Aichukue kesho alfajiri, Deodata akiwa bado amelala, akae nayo siku nzima. Akaniuliza, kwa kuwa anaenda kazini nayo, kama nitapanda naye. Nimekataa. Nikiwa ndani nitaongea, naye atashindwa kuisikiliza injini, na biashara itaharibika. Mimi nitapanda gari la abiria. Ni siku nne tu, siwezi kushindwa siku nne.