Namna Nilivyoiponda Filamu Niliyoipenda

Jumatatu, 4 Machi

"Filamu inayohitaji kuelezwa ni filamu iliyoshindwa." Hayo kayaandika shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwenye safu yake ya leo. Nimeyasoma nikiwa nimesimama jikoni. Chai imepoa mkononi.

Ni uongo, tena uongo wa kivivu. Mbona mpira? Watu wanautazama kwa macho yao wenyewe, kisha wanakaa jioni nzima wakimsikiliza mchambuzi awaeleze walichokiona. Hakuna anayesema mechi imeshindwa. Mtu akielezwa kwa nini beki alichelewa, anafurahi na kesho anakwenda kumweleza jirani. Mtu huyohuyo akielezwa kwa nini mwanamke wa kwenye filamu kanyamaza, anapiga miayo. Kwa hiyo tatizo si maelezo. Kwenye mpira hatuoni haya kuuliza. Kwenye filamu tunaona haya, na haya hiyo tunaibadilisha jina tunaiita kuchoshwa.

Filamu anayoisema hakuitaja, mwoga yule, lakini ni Nyuma ya Kabati. Ndugu wanne wanauza nyumba ya marehemu baba yao. Chumbani kuna kabati, na nyuma ya kabati kuna mlango. Kila mmoja anakumbuka kitu tofauti upande wa pili. Tunaonyeshwa alasiri ileile moja mara nne, kila mara kwa kumbukumbu ya ndugu mwingine. Mlango haufunguliwi. Ndiyo filamu bora niliyoiona tangu nianze kuota mvi.

Aliyeitengeneza ni binti mmoja tunayemwita Mkimya, kwa kuwa akiulizwa filamu yake inahusu nini, anatabasamu tu. Mjomba wake ana studio ya kupiga video za harusi na anamtaka kazini. Mkimya kasema hivi: hii isipotazamwa, anakwenda kwa mjomba na habari za filamu basi.

Ijumaa ya wiki ijayo waamuzi watano tunachagua filamu ya mwaka. Itakayoshinda inazungushwa kumbi zote za nchi kwa msimu mzima. Mimi ni mwamuzi. Shemeji naye ni mwamuzi. Kumkuta sebuleni kwangu kila Jumapili hakukutosha.

Jumanne, 5 Machi

Nimeisoma tena kanuni ya tuzo. Kila mwamuzi anatoa alama kwa siri, moja hadi kumi. Kisha alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinafutwa, na zilizobaki zinatafutiwa wastani. Eti kuzuia upendeleo.

Aliyeitunga alidhani kawapata wala rushwa. Kumbe kawapata wapenzi. Filamu yenye makali inagawanya watu: huyu anaipa kumi, yule anaipa mbili. Kumi inafutwa. Filamu isiyomuudhi mtu inapewa saba na kila mtu, na saba haina wa kuifuta. Ndivyo kila mwaka tunavyompa tuzo mtu ambaye hakuna aliyemwota usiku.

Mwaka huu saba hizo zinakwenda kwa filamu ya daktari na mchumba wake. Ina machweo mengi. Sina neno baya juu yake, na hilo ndilo neno baya kabisa ninaloweza kulisema.

Kumi yangu peke yake itafutwa. Nahitaji kumi ya pili ili moja ibaki. Nani wa kunipa? Mwenyekiti, mwigizaji mstaafu, mama wa watu, hasemi anachofikiri mpaka siku yenyewe. Mhadhiri atatoa sita, maana hutoa sita hata kwa wanafunzi waliokufa. Mtu wa matangazo ya sabuni anapenda machweo.

Baada ya chakula cha mchana, wazo. Nimeacha sahani nikaanza kuzunguka meza.

Shemeji hajawahi kukubaliana nami tangu siku nilipomposa dada yake. Nilivisifu viti vipya vya ukumbi wa sinema, akaandika juu ya maumivu ya mgongo. Nikavilaumu viti vilevile mwaka uliofuata, akaandika kwamba taifa linadeka. Nikiipenda Nyuma ya Kabati, ataiua.

Basi nitaichukia.

Kanuni inatukataza kujadili filamu sisi kwa sisi. Juu ya magazeti iko kimya, nami nina ukurasa wangu wa Jumamosi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemaliza makala. Kazi tamu kupita nilivyotarajia. Nimeandika kwamba Nyuma ya Kabati ni kiburi chenye kamera. Kwamba mwenye mlango asiyeufungua hana kitu ndani. Kwamba kurudia alasiri moja mara nne ni kumwambia mtazamaji kuwa muda wake hauna thamani.

Mke wangu kaisoma akikunja nguo. Akasema, "Baba watoto, hii umeiandika vizuri. Ukisifia huwa unaandika kama mtu anayejaza fomu."

Nikamweleza kwamba ni mtego. Akauliza Mkimya anajua. Nikasema hajui, na asijue, maana uso wake utatoboa siri. Akakunja shati moja mara mbili zaidi ya inavyohitajika. Akasema kaka yake ni mjinga wa aina moja na mimi ni mjinga wa aina nyingine, na yeye kazungukwa.

Wanawake hawaelewi mikakati.

Jumamosi, 9 Machi

Imetoka. Ukurasa mzima, na picha yangu ile nikiwa bado na nywele.

Shemeji kapiga simu kabla sijapiga mswaki. Sauti imejaa huruma ya uongo. Akasema, "Shem, nimekusoma. Umezeeka lini?" Nikamjibu kwa hasira niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo kwamba filamu ile ni aibu, na mtu yeyote mwenye akili atasema hivyo. Nilisikia kabisa samaki akimeza chambo.

Jumatatu, 11 Machi

Samaki kameza ndoana na mshipi wake. Safu ya shemeji leo: "Niombe radhi kwa filamu niliyoidharau." Anasema wasomi wa magazeti mengine (mimi) wamejifungia vyumbani na hawajui tena watu wa kawaida wanapenda nini. Anasema Nyuma ya Kabati ni hadithi nyepesi ya familia. Nyepesi! Anasema wazazi wapeleke watoto, watacheka.

Hajaielewa hata chembe. Lakini kumi ni kumi, haiulizwi imetoka kichwa gani.

Nimemnunulia mke wangu maua. Akauliza nimefanya kosa gani.

Jumatano, 13 Machi

Nimepita kwenye ukumbi wa sinema kuona matunda ya kazi yangu. Afadhali ningebaki nyumbani.

Wasomaji wa shemeji wamekwenda, tena na watoto. Meneja wa ukumbi kanisimulia akiwa kajishika kiuno. Mara ya pili ya alasiri ile, watoto walianza kukimbizana kati ya viti. Mara ya tatu baba mmoja alisimama akauliza kwa sauti kama mashine imekwama. Mwishoni watu walibaki wamekaa wakisubiri mlango ufunguliwe, na taa zilipowaka wakamgeukia meneja kana kwamba ufunguo anao yeye. Kuanzia kesho kaisogeza filamu asubuhi, saa ambayo hata wasio na kazi wana kazi. Na wasomaji wangu? Nikauliza. Wako wapi wale wanaopenda vitu vigumu? Akaniangalia kwa mshangao. Akasema, "Si uliwaambia wasije, mzee?"

Hili sikuwa nimelipigia hesabu.

Nilipotoka nikamkuta Mkimya kwenye ngazi, kakaa na begi la kamera magotini. Akasimama, akaniamkia kama kawaida. Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Akasema kaisoma makala yangu. Akasema wapo walioisifu filamu yake bila kuitazama, na mimi angalau ilionekana nimeitazama vizuri, maana nilipiga penye maumivu. Kisha akauliza, taratibu, kama ni kweli kwamba hana kitu ndani.

Niliona mdomo wangu ukitaka kufunguka. Neno moja lingetosha. Lakini akijua, atamwambia rafiki, rafiki atamwambia mwingine, na kabla ya keshokutwa shemeji atageuka. Ni siku mbili tu. Nikasema sanaa inahitaji uvumilivu. Nikaondoka haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Usingizi hauji. Nimewaza. Tunasema watazamaji ni wavivu, waamuzi ni waoga. Ni kweli. Lakini filamu ngumu inaingia mjini kama mgeni asiye na mwenyeji. Nyepesi ina wenyeji kila kona: bango, wimbo, mama anayemsimulia mwenzake saluni. Ngumu ina sisi wachache, nasi badala ya kumshika mgeni mkono tunasimama mlangoni tukigombana nani anamjua zaidi.

Nimeandika vizuri hapo. Nitaitumia kwenye makala.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya hukumu. Chumba cha mikutano, chupa za maji, karatasi zilizokunjwa. Mwenyekiti kavaa miwani akasoma alama moja baada ya nyingine, bila majina.

Filamu ya daktari: saba, saba, saba, saba, hata mhadhiri kaiacha sita yake. Na moja ya tatu, ambayo naitambua kwa kuwa ni yangu. Ikafutwa.

Nyuma ya Kabati: kumi. Na kumi ya pili! Nikamtazama shemeji, naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu harusi nilitaka kumkumbatia. Kisha sita, mhadhiri huyo. Kisha nne, sabuni. Kisha tatu.

Tatu?

Kumi moja ikafutwa. Tatu ikafutwa. Wastani wa zilizobaki haukufika saba. Daktari na mchumba wake wameshinda, na machweo yao yote.

Wengine walipotoka nikamfuata mwenyekiti. Nikamwambia mama, shikamoo, naomba unisaidie, ile tatu ya Nyuma ya Kabati ni ya nani. Hakuficha. Akavua miwani.

"Ni yangu, mwanangu. Nilikuwa nimeandika tisa. Mimi ile filamu ilinitoa machozi. Pale dada mdogo anapofagia chumba chote, akifika kwenye kabati anasimama, anarudi nyuma, anaanza upya. Nililia kama mtoto. Jumamosi nikakusoma wewe. Nikajiuliza, kama huyu aliyezisoma filamu zote za dunia kaona ni upuuzi, basi mimi kizee nimelilia nini? Nikaona aibu. Nikafuta."

Nikamweleza yote. Mtego, shemeji, kumi ya pili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atacheka. Akasema, "Kwa hiyo uliipenda."

Nikasema naam.

"Basi ungesema." Akachukua mkoba wake akaondoka.

Mtu alilia kwenye kiti chake gizani, hakuhitaji kuelezwa na yeyote, nami nikamwonea aibu kwa niaba yake hadi akaanza kujionea mwenyewe. Nimeandika sentensi hii na sijui la kuifanya. Haifai kwa makala.

Jumapili, 17 Machi

Shemeji kaja kula. Kala kwa furaha, hata nilipomweleza mtego wote. Anadai kumi iliyofutwa ni yangu, yake ndiyo iliyobaki, na kwa hiyo yeye ndiye mtetezi wa kweli wa filamu ngumu katika ukoo huu. Nilimwambia aliiita nyepesi. Akasema kwake ilikuwa nyepesi. Mke wangu akatuomba tutoke nje wote wawili tukamalizie mjadala kwenye kamba ya nguo.

Kumbe mke wangu naye kaitazama. Alikwenda Alhamisi asubuhi peke yake, bila kuniambia. Watu wanne ukumbini. Nikamuuliza ameelewaje maana ya mlango. Akasema hakuufikiria mlango. Alimfikiria mama yake, alivyokuwa akipita mbele ya chumba cha marehemu kaka yao bila kugeuza kichwa. Shemeji akaacha kutafuna.

Nikataka kumweleza kuhusu muundo wa alasiri nne. Akaniambia nipitishe chumvi.

Alasiri nilikwenda kwa Mkimya kumwambia ukweli. Nilimkuta nje ya studio ya mjomba anafunga taa za harusi kwenye gari. Alinisikiliza huku anazungusha waya. Alipoelewa hakukasirika, alichoka tu, kama mtu aliyeambiwa basi alilolisubiri lilipita asubuhi. Akasema, "Mzee wangu, ulinisema vibaya kwa sababu nzuri. Shemeji yako akanisema vizuri kwa sababu mbaya. Na mimi katikati sikumpata hata mtu mmoja wa kunieleza alichokiona."

Nikamwambia kuhusu mwenyekiti na yule dada mdogo mwenye ufagio. Akaacha waya. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akageukia gari, akakaa hivyo kwa muda akinipa mgongo.

Kisha akasema hajaiacha kamera. Atapiga harusi mchana, na ameanza kuandika nyingine: harusi moja, inayotazamwa na watu wanaoosha vyombo nyuma ya jengo. Akaniomba kitu kimoja tu. Nisiandike chochote juu yake. Wala zuri wala baya. Neno moja lisitoke.

Nikaapa. Nikamshika mkono nikaapa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimelala vizuri. Kichwa chepesi.

Nimelichunguza kosa langu kwa uaminifu na nimeliona. Mkakati ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa jina. Mwenyekiti alishusha alama kwa sababu makala ilikuwa na jina langu, na jina langu ni zito mno. Makala ileile ingeandikwa na mtu asiyejulikana, shemeji angeipinga bado, na mama yule angebaki na tisa yake.

Na kiapo nitakiheshimu. Sitaandika juu ya filamu mpya ya Mkimya. Ataandika mtu anayeitwa Mkereketwa wa Pwani ya Pili. Nimempa umri, mke na ugonjwa wa mgongo. Ataiponda filamu, tena ataniponda na mimi humohumo ili pasiwe na shaka. Aya ya kwanza nimeshaiandika. Kaniita debe tupu. Imenichoma kidogo.

Kwa hiyo ninyi wasomaji wangu wa kila Jumamosi, mkiwahi kulisoma daftari hili, ninyi mlioniamini mkabaki nyumbani, nawataka mfanye hivi. Mkimkuta huyo Mkereketwa gazetini, msiamini hata herufi yake moja. Nendeni ukumbini siku hiyohiyo, mkae, msitoke mpaka taa ziwake. Na mtu akiwauliza mmeona nini, mwambieni.