Nilivyochaguliwa kwa Sababu ya Viatu vya Shosho

Leo nimeaibika mbele ya mbuzi sita, familia mbili na mtu wa kamera. Naandika nikiwa nimelala kwa kitanda cha Shosho, nyanya yangu, hapa Rongai, miguu juu ya mto, na sitaki kuongea na mtu. Chai imeletwa, nikajifanya nimelala.

Hadithi ni ya viatu.

Shosho ana viatu vya platform vya wakati alikuwa msichana. Rangi ya damu ya mzee. Kisigino kinene kama kipande cha kuni, soli imeinuka kama tofali, na mkanda unafungwa juu ya kifundo cha mguu. Alivinunua Nakuru mjini na pesa yake ya kwanza ya kuchuma pareto. Babake akauliza kama mtoto wake amepanda ngazi na atashuka lini. Shosho akavivaa kwa densi, akavivaa kanisani, akavivaa siku babu yetu, Guka, alimwona mara ya kwanza. Halafu vikapitwa na wakati, vikafungwa kwa gazeti, vikalala chini ya kitanda miaka yote hiyo.

Sasa vimerudi. Wasichana wa mjini wanaamka mapema kuvitafuta kwa mitumba, wanasukumana, wanaviita vintage. Dada yangu Wangechi alipoviona mwezi uliopita alipiga magoti pale chini kama mtu anaomba. Akasema siku ya ruracio yake, siku ambayo Brayo wake ataleta mahari, atavaa hivyo na si vingine. Shosho akafurahi, akavipaka mafuta wiki nzima. Hata mimi (mtu wa raba nyeusi za shule, mpaka kwa harusi) niliona vina kitu. Ukivishika unajua vilitengenezwa na mtu ambaye hakuwa na haraka.

Sasa, kwetu bibi harusi hufunikwa leso kutoka kichwa mpaka chini, pamoja na wasichana wengine, halafu mwanaume anaambiwa achague wake. Waliofunikwa hawaruhusiwi kuongea. Akikosea anatozwa mbuzi, anarudishwa nje ya geti aanze upya. Na Wangechi alikuwa amemwambia Tata Njoki, dada ya mama, jikoni mbele ya watu wote: "Brayo atanijua hata gizani." Tata Njoki hasahau maneno. Brayo akikosea, dada yangu atasikia hiyo sentensi mpaka azeeke.

Kwa hivyo Wangechi akasaidia mambo kidogo. Alimwambia Brayo kwa simu: angalia viatu. Mimi nilikuwa hapo. Niliapishwa.

Leo saa sita tuko chumbani, wasichana watano. Wangechi anavaa viatu. Kimoja kinaingia nusu. Yeye huvaa saba, Shosho ni tano. (Wiki nzima alikuwa anavipiga picha. Hakuwahi kuvijaribu.) Akasukuma. Akapaka mafuta. Akaomba Mungu. Wapi.

"Wacha," Tata Njoki akasema. "Utaenda kwa mume ukichechemea?"

"Lakini Shosho anangoja kuviona."

"Ataviona. Huyu mdogo ana mguu wa Shosho. Nyambura, vaa."

Nikavaa. Viliingia kama vilikuwa vinanijua. Nikasimama, na hapo ndipo nikaona kitu kibaya. Mimi na dada yangu tulikuwa tumetoshana urefu.

Wangechi akaniangalia. Nikamwangalia. Brayo hakuwa anajua viatu vimehamia mguu mwingine, na hatungeweza kumwambia, kwa sababu Tata Njoki alikusanya simu zetu zote asubuhi akazifungia kwa sufuria, ili watu wasipeane siri. (Juu ya kifuniko aliweka jiwe.)

"Kunja magoti," Wangechi akaninong'oneza. "Leso ifunike viatu."

Kutembea na platform ukiwa umekunja magoti, na leso machoni, sishauri mtu. Tulitoka nje hadi uwanjani, mstari mmoja. Wangechi wa pili, mimi wa nne, nikitembea kama kuku amefungwa miguu. Watu wakaanza kucheka. Nikasikia mama mmoja akiuliza, "Huyo wa nne ni mgonjwa, ama wametuwekea nyanya yao?"

Faraja yangu ilikuwa moja tu: nimefunikwa. Msusi alimaliza kichwa cha Wangechi, muda ukaisha, akaniacha nusu. Kushoto nimesukwa, kulia nywele zimesimama kama zimeona nyoka. Tata aliniuliza nani ataona.

Brayo akaanza kutukagua. Chini ya leso nilikuwa naona tu nyasi na viatu vyake vya kuchongoka. Vikampita wa kwanza. Vikampita wa pili, dada yangu mwenyewe, hata bila kupunguza mwendo. Wa tatu. Vikafika kwangu. Nikazidi kukunja magoti. Mapaja yakatetemeka, yakachoka, yakakataa kabisa. Nikasimama wima bila kupenda, leso ikapanda, na viatu vya Shosho vikatokea vyote viwili, vinang'aa.

"Ni huyu," Brayo akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Boss, anakataa," rafiki yake akamwambia.

"Anaringa tu. Namjua huyu. Ona vile anatetemeka."

Nikatikisa kichwa zaidi. Nikajaribu kurudi nyuma. Platform haina rivasi. Nikayumba, nikamwangukia kifuani. Wamama wakapiga vigelegele. Akanishika mkono akanichezesha mzunguko mzima (niko Form Three, mkono wangu umewahi kushikwa na nesi pekee), halafu akaifunua leso polepole, kwa madaha.

Mbuzi mmoja tu ndiye aliongea.

Mzee wa upande wao akavua kofia. "Brayo. Huyu si ni mtoto wa shule?"

"Niaje Brayo," nikamsalimia. Sijui kwa nini. Ndiyo maneno yalikuja.

Kutoka kwa leso ya pili, sheria au hakuna sheria, dada yangu akasema, "Umenipita kama nguzo ya stima."

"Hata gizani," Tata Njoki akasema, taratibu, kama mtu anakunywa soda baridi. "Na hii ni saa saba mchana."

Brayo akapelekwa nje ya geti. Mbuzi mwingine akaahidiwa. Tukafunikwa upya, tukapangwa upya, mimi miguu tupu. Aliporudi hakuangalia chini hata kidogo. Alisimama mbele ya kila mmoja wetu muda mrefu. Leso moja ilikuwa inalia kwa kwikwi, ikijaribu kunyamaza. Akasimama hapo.

"Pole, Wangechi," akasema, kabla hajagusa kitu. "Nilikuwa naangalia viatu badala ya kukutafuta."

Tata Njoki akapangusa macho. Amesema ni moshi.

Kwa hivyo dada yangu amepata mtu wake, na mimi nimepata malengelenge. Shosho ameingia sasa hivi kunijulia hali. Sivyo. Ameingia kukagua viatu. Amevigeuza, amevipuliza vumbi, akasema, "Unaona? Bado vinachaguliwa kwanza."

Ombi langu ni moja. Kuna stika inazunguka kwa simu, ya msichana amesukwa nusu na mdomo uko wazi. Msinitumie. Ninayo tayari. Shosho ndiye wa kwanza kunitumia, na ameweka na makopa matatu.