Kofia Juu ya Mtungi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa likizo! Siku moja, Alhamisi. Nimeiomba tangu mvua zilizopita. Kazi yangu ni kuwajibu wateja wa kampuni ya majokofu, nikiwa nyumbani, kwenye meza ya chakula. Wao wananitukana kwa maandishi, mimi nawaandikia kwamba tunasikitika kwa usumbufu. Kutwa nzima. Jioni mgongo unauma kwa kusikitika.

Mtaa mzima unaamini sina kazi. Wananiachia funguo, mafundi bomba, mara moja hata paka mgonjwa. Si unakaa tu nyumbani, wanasema.

Nilipanga kulala Alhamisi yote. Mke wangu ni nesi, usingizi anausikia kwa wagonjwa tu. Alifurahi sana kusikia nina nafasi. Akasema basi nitajaza mtungi wa gesi, nitalipa maji ofisini kwao, nitapeleka viatu vyake kwa fundi, na nitachukua gauni la mama yake kwa fundi cherehani. Likizo imekufa kabla ya kuzaliwa.

Lakini gauni si mchezo. Mama mkwe ni mwalimu mkuu, anastaafu, na Ijumaa jioni wanamuaga shuleni. Meza kuu ina kiti kimoja tu cha mkwe. Wakwe tuko wawili: mimi na mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, ambaye kila asubuhi hujinyonga na tai na kwenda ofisini. Namwita Bwana Tai. Anachofanya huko hakuna ajuaye, ila tai inaonekana. Kuhusu mimi, mama mkwe husema hajui awaambie walimu wenzake nafanya nini. Nikimfikishia gauni salama, mkononi, atapata la kuwaambia. Kiti kile ni changu!

Jumanne, 4 Machi

Leo nimegundua jambo kubwa. Nilitoka mara moja kununua chumvi, nikapita duka la gesi. Gesi imekwisha, gari linasubiriwa. Foleni ndefu, lakini haina watu! Mitungi mitupu imejipanga yenyewe, wenyewe wamekwenda zao. Mwishoni palikuwa na ndala moja ya mama muuza nyanya, ambaye alikuwa ng'ambo ya barabara anauza nyanya zake. Kila aliyekuja alipanga nyuma ya ndala ile kwa heshima zote.

Nikasimama pale nimeduwaa. Ikiwa ndala inaweza kupanga foleni, mimi nahangaisha miguu ya nini?

Mpango ni huu: kila foleni naacha kitu changu kimoja, halafu nakaa mgahawani nakunywa chai. Mke wangu akasema mshika mbili moja humponyoka. Nikamkumbusha kwamba mimi nashika tatu. Methali hiyo hainihusu.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Alfajiri niliweka kandambili zangu mlangoni mwa bafu zinishikie nafasi, nikarudi kitandani. Mke wangu akazisukuma kwa mguu, akaingia, akaoga na kuimba juu yake. Mpango hauna kosa. Kosa ni la mke wangu, hana nidhamu ya foleni.

Mchana Bwana Tai akapiga simu. Amesikia kesho nina shughuli nyingi, na kwa kuwa yeye ana gari, angeweza kulipitia gauni akitoka kazini. Huruma gani hiyo ya ghafla! Nikamjibu ahsante sana, gari lake lipumzike. Nilicheka peke yangu hadi nikamwandikia mteja mmoja kwamba tunafurahi kwa usumbufu.

Alhamisi, 6 Machi



Asubuhi kila kitu kilikwenda sawasawa. Fundi cherehani alinikabidhi gauni la zambarau, limepigwa pasi hadi linang'aa, ndani ya mfuko wa kitambaa. Akanionya nisilikunje, nisiliweke chini, nisilikalie. Nikamuuliza kwani anamwona mtoto hapa?

Dukani kwa gesi mtungi ukaingia foleni, nikauvika kofia yangu ijulikane kwamba una mwenyewe. Fundi viatu yeye hapokei kiatu bila mtu. Amechoka na viatu yatima vinavyomjazia kibanda, kwa hiyo kila mteja hukaa kwenye benchi hadi zamu yake. Nikaweka viatu benchini, na mwavuli pembeni yake, nikamwambia huyo ndiye mimi. Hakucheka. Ofisi ya maji watu husogea kiti kwa kiti hadi dirishani. Kofia imekwisha tumika, mwavuli nao. Nilibaki na mfuko wa gauni na suruali. Suruali nilikuwa naihitaji.

Nikauketisha mfuko kitini kwa adabu, nikamwomba mzee mwenye gazeti awe anausogeza.

Chai ilikuwa tamu. Nilikunywa nusu kikombe. Nusu hiyo ndiyo likizo yangu yote ya mwaka huu.

Mara kelele: gesi imefika! Nikatoka mbio. Nikakuta mtungi wangu umewekwa kando, kofia yangu imevalishwa mtungi wa mtu mwingine. Muuza gesi akasema ameita mwenye kofia, kofia haikuitika, na sasa gesi imekwisha. Nikamuuliza mbona ile ndala iliheshimiwa? Akasema mama muuza nyanya anaonekana pale ng'ambo, ukimwita anaitika. Mimi ninaitwa wapi? Jambo muhimu kama hilo, na hakuna aliyeniambia!

Mbio kwa fundi viatu. Jua kali. Mteja mmoja ameufungua mwavuli wangu, amekaa chini yake, juu ya nafasi yangu, na ananishukuru. Viatu vya mke wangu viko kwenye rundo la yatima, na fundi amekataa kuvitafuta hadi Jumatatu.

Nikafika ofisi ya maji nahema. Kwenye kiti changu amekaa mzee wa gazeti. Mfuko hakuna.

Nikaona Ijumaa yote mbele yangu: mama mkwe anaagwa na khanga, Bwana Tai anachekelea. Mlinzi akasema kuna mama mwenye miwani aliuchukua, akidai ni wake. Hapo nikapandisha sauti. Nikasema huyo ni mwizi! Nikasema akina mama wa miwani siku hizi wamezidi, wanaiba mchana kweupe, hata haya hawana! Watu wote wakatoa macho. Nikadhani wananihurumia.

Walikuwa wanatazama nyuma yangu. Mama mkwe. Miwani. Mfuko mapajani, kiti cha pili kutoka mlangoni.

Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kofi. Akaeleza kwamba alitoka shuleni mara moja kuja kulipa maji. Akakuta mfuko umesukumwa sakafuni, na kitambaa anachokijua kinachungulia. Akauokota.

"Kumbe leo hukukaa nyumbani, mwanangu," akasema.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Tai alikaa meza kuu. Mimi niliwekwa karibu na spika, kila wimbo meno yakitikisika. Mama mkwe alipendeza sana kwa mbele. Kwa nyuma gauni lilikuwa na mikunjo ambayo pasi ya mke wangu ilishindwa nayo.

Katika hotuba yake aliwashukuru walimu, wanafunzi, na Bwana Tai kwa usafiri. Kisha akasema anaye mkwe mwingine, fundi wa kupanga foleni tatu kwa wakati mmoja na asiwepo hata kwenye moja. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaona aibu kweli, ya kutaka kuingia ndani ya spika.

Baadaye akaja na sahani yake, akaketi kando yangu. Akaniuliza hasa nafanya kazi gani. Hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia watu wananitukana kutwa na mimi nasikitika. Alicheka hadi akavua miwani. Akasema hiyo ndiyo kazi aliyoifanya yeye miaka yote na wazazi wa wanafunzi, na kwamba anayedhani ni kazi ya mchezo aje aijaribu. Alikaa na mimi hadi chakula kikaisha. Kule meza kuu Bwana Tai alikuwa anazungumza na glasi yake. Nilifurahi, sikatai.

Jumamosi, 8 Machi

Gesi hatuna. Tunapika kwa jirani. Mke wangu amekwenda kazini na ndala na hasemi nami.

Nimetafakari kwa kina. Mwanadamu lazima akiri kosa lake, na mimi nakiri: nilitumia vifaa duni. Kofia haina mdomo. Mwavuli hauna msimamo, unamfuata yeyote anayeufungua. Foleni inataka mtu anayeonekana, akiitwa aitike, na mtu akijaribu kumruka amtazame juu ya miwani hadi arudi nyuma mwenyewe.

Likizo nyingine nimekwisha kuiomba. Mama mkwe nitamweka dukani kwa gesi asubuhi, kwa fundi viatu mchana, ofisi ya maji alasiri. Mimi nitakuwa mgahawani namalizia kile kikombe. Wala sioni kwa nini akatae. Amestaafu, ana shughuli gani? Si anakaa tu nyumbani.