Mwamuzi wa Sahani Tatu

Tai Moja aliiona riziki yake imebandikwa kwa gundi kwenye mlango wa mkahawa. Lilikuwa tangazo la Wiki ya Sahani Tatu. Kila mwaka, kwa siku saba, mikahawa ya mkoa mzima huuza supu, chakula kikuu na kitamutamu kwa bei moja tu, mwenye suti na mwenye kandambili sawa. Chini kabisa iliandikwa kwamba waamuzi wa siri watapita, na mkahawa bora utapewa ngao. Wapita njia walisoma wakaona chakula. Yeye aliona neno "siri". Mwamuzi asiyejulikana sura, alijiambia, ni kiti kisicho na mwenyewe, na kiti cha namna hiyo ni cha aliyewahi.

Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya tai yake ya bluu, ambayo haikuwa na ya pili. Aliivaa benki, msibani na mahakamani, ingawa benki hakuwa na akiba, msibani hakuwa na marehemu, na mahakamani, tuseme ukweli, mara nyingi alikuwa na kesi.

Safari hii haikuwa njaa iliyomsukuma. Alikuwa amempenda binti muuza miwani, na amempenda kwelikweli, jambo lililomshangaza hata yeye. Binti huyo alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani aliyestaafu, na bila neno la shangazi hapakuwa na ndoa. Naye shangazi alikuwa ametuma ujumbe mfupi: kijana amkaribishe chakula mahali pa heshima, yeye shangazi akimaliza kula atakuwa ameshajua la kujibu. Siku ile mfukoni mwa kijana mlikuwa na funguo mbili na kitana.

Siku mbili za kwanza alifanya mazoezi kwenye mikahawa midogo. Alifungua daftari, akanusa supu kabla ya kuionja, akainua glasi kwenye mwanga na kuguna. Alimuuliza mhudumu mpishi ana miaka mingapi kazini, kisha akaandika kabla hajajibiwa. Kabla ya kitamutamu kufika, mwenye mkahawa alikuwa ameshatoka ofisini akijifuta jasho, na bili haikuonekana tena. Hakumwambia mtu yeyote kwamba yeye ni mwamuzi. Tai Moja hakusema uongo. Aliuacha ujiseme wenyewe.

Siku ya tatu akapanda ghorofani, kwenye mkahawa mkubwa kuliko yote mjini. Mwenyewe, tajiri mwenye tumbo lililomtangulia mlangoni, alikuwa na uhakika wa ushindi kiasi kwamba alishapigilia msumari ukutani wa kutundikia ngao. Uhakika huo haukumzuia kubana matumizi. Supu yake ya bei moja ilikuwa vijiko vinne, na chakula kikuu kilikuwa bawa la kuku ambalo hata kuku mwenyewe asingelikumbuka.

Tai Moja alimkuta shangazi ameshafika, amesimama kaunta, anafunga mkoba wake. Walipoketi, mama yule aliisoma kadi ya menyu taratibu, akaigeuza, akaisoma na nyuma. Mafundi ndivyo walivyo, nguo hawaiamini mpaka waione upande wa ndani.

Kijana akaanza kazi yake. Daftari, pua, glasi, mguno. Punde tajiri akawa amesimama kando ya meza, mikono ameipishanisha kifuani. Bawa la kuku la Tai Moja likaondolewa kwa aibu, akaletewa samaki mzima, nyama ya kuchoma na sinia la matunda. Watu wa meza za jirani wakatazama sahani zao, kisha yake, kisha zao tena. Shangazi hakugusa samaki. Alikula bawa lake mpaka likabaki mfupa, na kijana akadhani ni heshima imemzidi.

Tajiri aliinama na kusema kwa sauti ya chini kwamba watu wa kazi hawaletewi bili pale. Tai Moja akajibu kwa unyenyekevu kwamba hajui kazi gani inaongelewa. Alikuwa anajipenda sana dakika ile.

Ndipo shangazi akafuta midomo.

"Baba, hebu nisomee hapa nyuma ya kadi," alimwambia tajiri. "Macho yamechoka."

Tajiri akasoma, na kila neno likamtoka kwa shida zaidi kuliko lililotangulia. Kila mteja atapewa chakula kile kile kwa bei ile ile. Waamuzi watalipa kama wateja wengine.

Shangazi akafungua mkoba, akaweka risiti mezani na kuinyoosha kwa kiganja. "Mimi nimelipa. Kabla sijakaa."

Tumbo la tajiri lilirudi nyuma hatua nzima. Tai Moja alilifunga daftari lake. Katika watu wote wa mkoa huu, aliwaza, nimemkaribisha mwamuzi mwenyewe, na ndoa yangu imefia kwenye mfupa wa samaki.

"Na huyu ni nani?" tajiri aliuliza.

"Huyu namfuatilia. Nilitaka nimwone akila."

Haikuchukua muda Tai Moja akajikuta jikoni, mikono ndani ya karai hadi kwenye viwiko, akiambiwa ataosha mpaka deni la samaki liishe. Kila mteja wa wiki ile huchafua sahani tatu, na mkahawa ulikuwa umejaa. Kupitia dirisha la kupitishia chakula alimwona tajiri akibembeleza. Alimsikia shangazi akisema kwamba wiki hii hapokei hata tone la maji, ila wiki ikiisha atakuwa mama wa kawaida tu, mwenye binti wa kaka yake anayetaka kuolewa na ukumbi hana. Tajiri akatoa ukumbi. Akaongeza chakula cha watu sitini. Shangazi akasema maneno matupu hayavunji mfupa, akampa kadi aandike na kutia sahihi.

Kabla ya kuondoka shangazi alipitia mlango wa nyuma, akaingia jikoni.

"Shangazi, nisamehe," Tai Moja alisema bila kuinua macho. "Sikujua kuwa wewe ni mwamuzi."

"Nani kasema mimi ni mwamuzi? Mimi nimeshona nguo miaka thelathini na moja. Nilisema nimelipa, na nimelipa. Nilisema nakufuatilia, na nilikuwa nakufuatilia."

Kijana aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na heshima ya mtu wa fani kwa aliyemzidi. Akauliza kama basi amekataliwa.

Shangazi aliokota sahani iliyooshwa, akaiinua kwenye mwanga kama yeye alivyoinua glasi, akapitisha kidole gumba.

"Ulimi wako nimeuona, haulishi nyumba. Mikono ndiyo nilikuwa sijaiona." Akamrudishia sahani. "Hii ina mafuta, irudie. Ukimaliza zote, njoo tupange siku. Na hiyo tai umeshaigeuza mara mbili, nitakushonea nyingine."

Ngao ilikwenda mkahawa mwingine. Tajiri aliamini ni samaki yule aliyemponza, akatimiza ahadi yake kwa bidii ya mtu anayeuwazia mwaka ujao.

Siku ya harusi alisimama mlangoni kupokea wageni. Bwana harusi alipanda ngazi akiwa na tai nyekundu mpya, na tajiri akamkodolea macho, kisha akamvuta shangazi pembeni.

"Mama, huyu si yule uliyekuwa unamfuatilia?"

"Ndiye," shangazi alisema. "Nimemkamata."