Chupa za Chai Kitandani

Jumatatu, 3 Machi
Duka langu la mtandaoni limefunguliwa rasmi. Ghala: kitanda chetu. Chupa za chai zimelala juu ya godoro, zimefunikwa shuka. Mimi na mke wangu mkekani. Amesema hana ugomvi nami, ila mama yake anakuja Jumapili, na mama yake halali sakafuni. Chupa zisipotoka, nitatoka mimi. Nimemwambia biashara ni subira. Amegeukia ukutani.

Jumanne, 4 Machi
Hakuna mteja. Shemeji, kaka wa mke wangu, anauza chupa hizohizo mtandaoni. Ana nyota tano. Tano! Amepiga simu kunipa pole. Nimeshukuru kwa shingo upande. Kisha nimejiuzia chupa mimi mwenyewe, kwa jina la bibi yangu, ili duka lipate nyota.

Jumatano, 5 Machi
Mtu wa pikipiki alichukua chupa mlangoni asubuhi, akazunguka nayo mji mzima, akaniletea jioni. Kifuniko kimepasuka! Nimeudhika. Nikaandika maoni bila kuuma maneno: huduma mbovu, nyota moja. Nilipokwisha kubonyeza ndipo nikakumbuka duka ni la nani. Mke wangu amecheka hadi machozi.

Alhamisi, 6 Machi
Liwalo na liwe. Nimenakili sera ya duka moja kubwa, neno kwa neno: asiyeridhika arudishe ndani ya siku tatu, apewe fedha zake zote, asiulizwe swali. Shemeji hana sera hiyo, mwoga yule. Mchana simu ikalia. Mama mmoja anamwoza binti yake Jumamosi, anazitaka chupa zote, leo hii. Zote! Jioni gari likaja kuzichukua.

Ijumaa, 7 Machi
Tumelala kitandani. Mgongo wangu umerudi duniani. Mke wangu ameniita baba watoto kwa sauti tamu niliyokuwa nimeisahau. Nimempigia shemeji kumpa pole.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe amefika. Nyuma yake, gari la chupa. Mama wa harusi kasema sherehe ilifana, chai ilikaa moto hadi mgeni wa mwisho, nami ni kijana mwaminifu. Kisha akazirudisha zote, majani ya chai bado yamo ndani. Nilipofungua mdomo kuuliza, akanisomea sera yangu.

Nikaenda kufunga begi langu. Lakini mama mkwe alipohadithiwa ile nyota moja alicheka hadi akakalia sanduku la chupa, na mke wangu naye akashindwa kununa. Mke wangu amesema wenye sherehe hawataki kununua, wanataka kuazima, basi tukodishe. Nimemwonea huruma. Biashara ya kisasa haijui.

Maana mama wa harusi ametuachia nyota tano! Soko lipo. Nimeagiza chupa nyingine, mzigo mkubwa zaidi, unafika Jumatano. Kitanda chetu kimejaa tena. Mama mkwe amepewa kitanda cha watoto, nao watoto wamehamia mkekani kwetu. Nimemwuliza, kwa heshima zote, anaondoka lini.