Nakala Tano za Nguruwe

Taasisi ya Utafiti wa Tiba ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba nguruwe mmoja ametolewa nakala tano, na kwamba nakala zote zinasomeka vizuri.

Aliyeliandika tangazo hilo hakuwa na nia ya kumchekesha mtu. Daktari wa Nguruwe, mwanamke mpole aliyemaliza miaka minne juu ya kazi hiyo, alikuwa ameeleza katika ripoti yake kwamba watoto hao watano wametengenezwa kutokana na seli za sikio la nguruwe mmoja, wakafanana naye kwa kila kitu hadi damu, na kwa kukosa neno jingine akawaita nakala. Neno hilo ndilo lililomponza. Kwa utaratibu uliopo, mnyama hupelekwa Idara ya Mifugo, na nakala hupelekwa masjala. Faili likaenda masjala.

Huko lilipokelewa na Mzee Mhuri. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye faili lake tu, kwa maana kwa miaka ishirini na sita hajawahi kugonga mhuri kwenye nakala bila kuiona asili yake kwa macho. Aliwahi kuikataa nakala ya cheti chake mwenyewe cha ndoa mpaka mkewe alipoleta cheti chenyewe, na siku hiyo mkewe hakumpikia. Mzee Mhuri hakunung'unika. Kanuni ni kanuni.

Kanuni zinasema mhuri hugongwa kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Alishuka zizini na kidau cha wino, akamzunguka nguruwe wa kwanza mara mbili, akaridhika kwamba kona ya chini kulia ni paja la nyuma, mradi nguruwe atazame kushoto. Nguruwe hakutaka kutazama kushoto.

"Tuliache hilo kwanza," alisema akijifuta suruali. "Orijino iko wapi, Daktari?"

"Alikufa mwaka juzi, mzee. Tulizihifadhi seli zake kwenye barafu."

"Kwa hiyo orijino imepotea."

"Haijapotea. Amekufa."

"Ingepotea ningekuambia ulete karatasi ya polisi. Kama amekufa, nitahitaji cheti cha kifo."

"Nguruwe hapewi cheti cha kifo."

"Hapo ndipo penye tatizo," alisema Mzee Mhuri, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli.

Ieleweke kwamba hakuna mtu pale Taasisi aliyewahitaji nguruwe wale kuliko yeye. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa na figo mbili zisizofanya kazi. Mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara, na kila mara alirudi nyumbani amepungua kidogo. Nguruwe wale walikusudiwa wakue, kisha figo zao zijaribiwe ndani ya binadamu, na jina la dada lilikuwa la sita katika orodha ya waliokubali kujaribiwa. Nguruwe wenyewe hawakuulizwa. Mzee Mhuri alimpenda dada yake kupita kiasi, ila hakuona ni kifungu gani kinachomruhusu kulitaja jambo hilo kazini. Akafanya anachokijua: alimwandikia Mkurugenzi Mkuu kuomba mwongozo.

Mwongozo ulishuka baada ya siku tatu. Mkurugenzi Mkuu alikuwa mtu mwenye tai pana na kiu ya kuonekana mkali, na hakupenda neno nguruwe lichafue karatasi yenye nembo. Kwa hiyo waraka wake ulisomeka hivi: "Kuanzia Ijumaa saa sita kamili mchana, nakala yoyote iliyomo ndani ya Taasisi, iwe ya aina yoyote ile, ambayo asili yake haiwezi kuonyeshwa, itahesabiwa kuwa ghushi na itateketezwa, na aliyeiwasilisha ataondolewa kazini bila barua ya onyo. Utekelezaji uwe wa kina, endelevu na usiobagua." Chini kabisa paliandikwa: nakala kwa Bodi, nakala kwa Wizara, nakala kwa magazeti yote.

Kikao cha wafanyakazi kikaitishwa ili waraka upigiwe makofi.

"Sheria ni msumeno," alisema Mkurugenzi Mkuu, na wakuu wa idara wote tisa wakapiga makofi. Daktari wa Nguruwe alikuwa ameketi nyuma, mikono mapajani, akilia bila sauti. Mwenyekiti wa Bodi alituma pongezi jioni ileile.

Mzee Mhuri alipofika nyumbani alimkuta dada amejilaza kwenye kochi, miguu imevimba, redio inaongea peke yake.

"Wanangu hawajambo huko zizini?" dada aliuliza, kama alivyouliza kila siku.

Akamweleza. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akazima redio.

"Na wewe ndiye utakayewapeleka kuchomwa, mdogo wangu?"

"Mimi ni mtekelezaji tu, dada."

"Nilikufundisha kusoma kwa mkaa ukutani, ukaja kuwa mtekelezaji." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka, na hilo ndilo lililomchoma mdogo wake. "Haya, nisomee huo waraka wanavyosema juu ya nguruwe wangu."

Mzee Mhuri akavaa miwani, akasoma. Akarudia kusoma. Akaupeleka waraka karibu na dirisha.

"Nguruwe hawamo," alisema taratibu.

"Hawamo vipi?"

"Imeandikwa nakala. Nakala yoyote."

Dada akainuka, akaketi. "Basi wewe si mtekelezaji? Katekeleze."

Ijumaa saa tatu asubuhi Mzee Mhuri alianza utekelezaji wa kina. Nguruwe walikuwa faili namba mia tatu na kumi na nane. Mtu mwenye haraka angeanzia hapo, lakini masjala huanza na namba moja, na faili namba moja ni la Mkurugenzi Mkuu. Ndani yake palikuwa na nakala ya shahada ya uzamivu, imefifia, na mahali pa mhuri palikuwa peupe. Akapanda nayo ghorofani.

"Naomba nione orijino, mkuu. Ni dakika moja tu."

"Orijino ya nini?"

"Ya shahada."

Mkurugenzi Mkuu alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Iko nyumbani."

"Nitasubiri iletwe."

"Nadhani ilipotea tulipohama."

"Basi karatasi ya polisi."

"Wewe mzee, unajua unaongea na nani?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, mkuu. Wengine nitawatumia tarishi."

Kijasho chembamba kikamtoka Mkurugenzi Mkuu. "Waraka ule tuufute," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna kosa la uchapaji."

"Unafutika, mkuu. Ila Bodi wanao, Wizara wanao, na magazeti yameshauchapa na picha yako. Kuufuta lazima tueleze sababu. Nikuandikie sababu gani?"

Saa nne na nusu Mkurugenzi Mkuu alisafiri kikazi. Fomu ya safari haikutaja anakokwenda wala siku ya kurudi. Habari ikashuka ngazi kabla ya tarishi, na kufikia saa tano wakuu wa idara wote tisa walikuwa wamepatwa na safari, misiba ya mbali na mafua, mmoja akisahau koti lake kitini. Mzee Mhuri aliendelea na ukaguzi. Wafagizi, walinzi, madereva na wapishi walileta asili zao siku hiyohiyo, zikiwa ndani ya mifuko ya plastiki, maana wao hawakuajiriwa mpaka walipozionyesha.

Saa sita kamili alifika faili namba mia tatu na kumi na nane. Akajaza Kibali cha Kuteketeza, nakala tatu, akashuka nacho zizini. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, ametanua mikono yote miwili kama anayezuia mafuriko.

"Umekuja kuwachukua."

"Nimekuja kukuarifu kwamba kibali kimekwama. Kinataka saini ya mkuu wa idara au aliye juu yake."

"Wako wapi?"

"Wamesafiri."

"Wote?"

"Wote. Na barua ya kukuondoa wewe kazini nayo inataka saini hiyohiyo."

Daktari aliketi juu ya ndoo ya pumba, akacheka mpaka machozi yakamtoka upya.

Wiki iliyofuata pumba zilifika siku ileile zilipoombwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mtambo wa maabara uliokaa bandarini miezi saba ukisubiri kuidhinishwa uliletwa na dereva, aliyeona hakuna wa kumkataza. Nguruwe waliongezeka uzito, na dada akapata barua yenye tarehe ya kupandikizwa figo, akaibandika ukutani juu ya kochi.

Bodi ilishtuka sana. Iliunda kamati ya wajumbe saba kuchunguza inawezekanaje kazi ikaenda bila wakubwa. Mzee Mhuri aliipokea barua ya uteuzi, akaifungulia faili, kisha akawaandikia wajumbe kwa heshima zote, akiwaomba walete vyeti vyao, asili pamoja na nakala tatu.

Hadi leo kamati haijakaa.